Gita Hununuliwa kwa Sikio

Kijana alilitoa gita kwenye begi lake jeusi kwa mikono miwili, akalilaza juu ya benchi la fundi, kisha akasogea pembeni kama mtu aliyemleta mgonjwa kwa mganga. Gita lilitoka Muscat, ambako mwenyewe alikuwa dereva, na kwa macho lilipendeza: tumbo la rangi ya asali, nakshi kuzunguka tundu, shingo inayong'aa.

"Shikamoo mzee. Tangu nipande nalo huku Newala linalia ovyo."

Fundi aliitikia marahaba, lakini nyuzi hakuzigusa. Aliligeuza gita kifudifudi, akainama mpaka sikio likakaribia mbao, akaanza kuligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, kutoka chini kupanda juu, taratibu. Karibu na shingo alisita. Akagonga tena palepale.

"Mwanangu, ulipokuwa dukani, uliligonga?"

Kijana alicheka. Alidhani anataniwa.

Wengi wetu tukiwa safarini hununua gita kwa macho na pochi. Tunaangalia rangi, tunasoma jina lililoandikwa kichwani, tunauliza bei, tunauliza kama begi limo ndani ya bei hiyo. Mzee huyu, ambaye hakupenda nimtaje jina, anaona kwamba kulichagua gita ni nusu ya ufundi wa kulitengeneza, na kwamba nusu hiyo ndiyo inayokufa kwanza. Nimekuwa nikimtembelea kila ninapopanda kutoka Masasi, na nimeanza kukubaliana naye. Watengeneza magita hawakuwahi kuwa wengi kwetu. Waliokuwapo ni watu wanaojua gita zuri ni lipi kabla fedha haijatoka mfukoni, na hao nao wanakwisha. Yeye mwenyewe mkate wake ni viti, milango na majeneza. Magita huja siku moja moja, na siku hizo hujisahau mpaka chakula kikapoa.

Sikio hilo hakulipata kwenye muziki. Alirithishwa na mjomba wake, mchonga vinyago, na wanaotujua watasema hapo hapana ajabu, maana kwa Wamakonde wa zamani mjomba ndiye mwenye mtoto. Mjomba alichonga mpingo, na mpingo ni mti mdanganyifu. Nje una gome la kijivu, chini ya gome tabaka jeupe, na ndani kabisa moyo mweusi mzito unaozama majini. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na katika umri huo mingi huwa imeoza moyoni au imepasuka bila gome kuonyesha lolote. Mchongaji anayenunua gogo kwa macho huchonga vizuri tu, mpaka patasi itumbukie kwenye pango mahali alipokusudia kuuweka uso wa bibi.

Kwa hiyo magogo yaligongwa. Mjomba alimkalisha mtoto upande mmoja wa gogo, yeye akagonga upande wa pili, na mtoto alitakiwa aseme sauti imekatikia wapi. Akisema, panawekwa alama ya mkaa. Kisha gogo linapasuliwa mbele yake aone. Hakuna aliyemchapa wala kumsifu; gogo lenyewe lilitoa jibu. Mzee anasema miezi ya kwanza alikuwa akibahatisha, na mjomba alijua kwamba anabahatisha, na aliendelea kugonga. Siku moja akasikia. Anashindwa kueleza alichokisikia, ila tangu siku hiyo hajawahi kukisikia kitu cha mbao bila kujua ndani kukoje: mlango, mtumbwi, meza ya mwalimu, hata jeneza la mwenzake.

Na gita. Uso wa mbao nzima, anasema, ukiugonga hujibu na jibu likakaa. Uso wa plaiwudi hujibu ukanyamaza papo hapo. Mti mwembamba wa ndani ulioachia gundi hutoa mlio wa pili chini ya ule wa kwanza, na huo ndio alioukuta kwenye gita la Muscat. Baada ya kugonga hunusa tundu, kwa kuwa gita lililobandikwa haraka hunuka gundi kwa miaka. Halafu huliinua, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kuanzia kichwani kama imenyooka. Halafu hubonyeza kila uzi kwenye kila freti, moja moja, bila haraka na bila kuona haya mbele ya muuza duka. Kupiga huja mwisho, na hata hapo ni sauti chache tu. Wimbo anaukataza kabisa. Ukipiga wimbo unaoupenda, asema, utausikia wimbo, gita hutalisikia.

Niliwahi kumsimulia habari za Antonio de Torres, fundi wa Almería, Hispania, aliyelipa gita la Kihispania umbo tunalolijua leo. Mwaka 1862 Torres alitengeneza gita ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, uso peke yake ukiwa wa mbao, ili aonyeshe kwamba sauti hutoka usoni. Bado lipo, kwenye jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Nilitegemea mzee ashangae. Alisema tu kwamba huyo Mhispania na mjomba wake wangepatana.

Gita likishafika huku juu, kazi nyingine huanza, na hii watu hawaijui kabisa. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo. Wakati wa mvua unyevu huingia mpaka ndani ya masanduku ya nguo. Kiangazi hukausha mpaka milango ikaachia fremu. Gita lililolala miezi kwenye duka lenye kiyoyozi, kisha likasafirishwa kwa ndege na basi, hufika hapa likiwa geni kwa hewa, nalo huvimba, hujikunja, huinua nyuzi mpaka vidole vikauma. Mwenye haraka hulitupia lawama gita au kiwanda. Mzee hulegeza nyuzi, akalitundika ukutani, akaliacha majuma kadhaa lizoee. Wateja wengi hugomba hapo. Wanataka lipigwe Jumapili.

Likishatulia ndipo analishika. Ule mti ulioachia anaupaka gundi kwa mkono ulioingizwa ndani ya tundu, akitazama kwa kioo cha pembeni cha pikipiki alichokiokota na kukikata. Kipande cha plastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja anakitoa, anaweka mfupa wa ng'ombe. Mfupa anaupata buchani, wa muundi, anauchemsha mafuta yatoke, anauanika, kisha anaupiga tupa na msasa mpaka ukae bila kulazimishwa. Nimemwona akipoteza asubuhi nzima kwa kipande kisichozidi urefu wa kidole. Sauti iliyotoka baada ya hapo ilinifanya nimtazame mwenye gita, na mwenye gita alikuwa anamtazama mzee.

Zamani magita yaliyofika huku yalikuja na miguu ya watu. Wanaume wa uwanda huu walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga, na aliyerudi na kitu cha maana alirudi na baiskeli, cherehani, au galatoni. Magita hayo makavu yalitoka kwa kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na jina la Gallotone likaenea Tanzania mpaka kila gita lisilo la umeme likaitwa hivyo. Hata gita la awali la John Lennon, kijana wa Liverpool aliyekuja kuwa mmoja wa kundi la Beatles, lilikuwa Gallotone, na ndani yake lilikuwa na kibandiko kinachodhamini kwamba halitapasuka. Nilipomweleza mzee habari ya kibandiko hicho, alishusha galatoni kuukuu kutoka ukutani akanionyesha mahali alipouziba ufa.

Kisha ikaja miaka ya bendi za mashirika, chama cha wafanyakazi NUTA, polisi, jeshi, na gita likawa mali ya ofisi. Mwanamuziki alilipiga usiku, asubuhi linafungiwa stoo. Wachache walifika mbali: mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka kwenye maonyesho ya dunia, katika nchi ambayo viwanda vyake vilikuwa vimekwisha kuanza kuijaza dunia magita. Kwa kijana wa Newala, duka la nyuzi lilikuwa Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, hata huko hazikuwapo. Waya wa breki ya baiskeli ulifumuliwa ukapatikana uzi mmoja mmoja. Ulikata vidole, lakini ulilia. Simtakii mtu kipindi hicho kirudi. Nasema tu kwamba mtu aliyefumua waya wa breki kwa koleo alijua uzi unafanya nini kwenye gita.

Kununua vitu vya kwetu safarini nako hakukuanza jana. Mwaka 1906 Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti kwenye nta, akanasa nyimbo, akakusanya vitu, akarudi navyo Ujerumani. Angalau yeye alisikiliza.

Leo vitu vinavyotoka huku ni mbao. Mpingo wa kusini husafiri kwenda kuwa klarineti na obo, na mara chache mgongo wa gita la bei ambayo mzee aliniomba niirudie. Mwezi Januari 2017 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliiweka jamii yote ya mpingo chini ya udhibiti, biashara ya magita yenye mbao hizo ikahitaji vibali mpakani, ingawa msafiri aliyebeba lake mwenyewe aliachwa apite. Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikafunguliwa. Gogo bado linaulizwa maswali, na ni haki liulizwe. Kilwa wameonyesha kwamba mti huu unaweza kuvunwa kwa adabu: mwaka 2009 misitu ya vijiji kule ilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Lakini sheria inayoipa nafuu ala iliyokamilika inawafaa wenye karakana, na sisi tuna msitu. Wachongaji wenyewe wengi walihamia Mwenge, Dar es Salaam, kumfuata mtalii, na wengine wanachonga haraka kwa sababu mtalii ana haraka.

Msimu wa korosho fedha za mnada zikiingia, Newala na Masasi hununua pikipiki, bati na spika kubwa. Gita likinunuliwa, linanunuliwa kwa picha ya simu. Picha inaonyesha rangi vizuri sana. Kwaya nyingi zimehamia kwenye kinanda cha umeme chenye gita ndani yake, unabonyeza kitufe linalia, na halivimbi masika wala halipasuki kiangazi. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniambia ndiyo maendeleo, na hakuwa mtu mbaya.

Mzee ana mpwa ambaye kwa mila ndiye angelirithi lile sikio. Alimkalisha upande wa pili wa gogo, kama alivyokalishwa yeye, na anasema kijana alikuwa akisikia upesi kuliko yeye mwenyewe alivyosikia, akawa anaweka alama ya mkaa mahali penyewe. Sasa anaendesha bodaboda stendi ya Masasi. Nilimtafuta, nikamkuta kwenye foleni ya wenzake, nikamuuliza kama bado anaweza. Aligonga tangi la pikipiki yake kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akasema mafuta yamebaki robo. Kisha akaniuliza naelekea wapi.