Wimbo Kwanza, Maneno Baadaye: Jinsi Mchezo wa Kampala Unavyorudishwa Jukwaani

Mchezo mpya na mchezo wa zamani huweza kutangazwa kwenye bango moja, kwa tiketi ya bei moja, na mtazamaji asione tofauti. Nyuma ya pazia ni kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Mchezo mpya una mtunzi wa kuulizwa. Wa zamani lazima ukachukuliwe pale ulipohifadhiwa, na Kampala imehifadhi michezo yake mahali pengi mbali na rafu ya vitabu: kwenye koo za wanakwaya, kwenye miguu ya wachezaji, kwenye kumbukumbu za watu ambao baadhi yao waliuawa au walifia ugenini. Kwa hiyo nikisikia mchezo fulani unarudishwa, swali langu la kwanza ni moja: ulihifadhiwa kwenye nini? Jibu lake ndilo linaloamua bajeti, muda wa mazoezi na nani aitwe kwanza.

Tuanze na jumba lenyewe, maana nalo lina mkono wake. Ukumbi wa Taifa wa Uganda ulifunguliwa mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru. Jukwaa lake ni la fremu: pazia mbele, mabawa pembeni, watazamaji wamekaa upande mmoja gizani. Jukwaa la namna hiyo linataka watu wakae kimya wasikilize mazungumzo. Wycliffe Kiyingi, ambaye alianzisha kikundi chake cha African Artists Association mwaka 1954, alikuwa tayari akiandika kwa Kiganda kwa ajili ya watu wasiokaa kimya, watu wanaomjibu mwigizaji, wanaopiga vigelegele, wanaomwonya mhusika kwamba adui yuko nyuma yake. Okot p'Bitek alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuuongoza ukumbi huo, mwaka 1966, aliingiza ngoma mahali palipojengewa mazungumzo. Historia ya kiufundi ya maigizo ya Kampala ni historia ya watu waliolilazimisha jukwaa hilo lifanye kazi ambayo halikujengewa.

Hakuna aliyeifanya kazi hiyo kwa ustadi kuliko Byron Kawadwa. Mchezo wake wa Oluyimba lwa Wankoko, wa mwaka 1971, ndio mfano ninaourudia kila ninapotaka kueleza jinsi mchezo wa Kampala unavyosukwa. Ni kisa cha kasri, cha kiti cha enzi, na cha mtu mwenye uchu wa kupanda juu kuliko alipowekwa. Nyimbo zake zilitungwa na Wassanyi Serukenya. Hapa msomaji wa Kiswahili anahitaji kupunguza mwendo kidogo, kwa sababu ushirikiano wa mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki katika Kiganda si sawa na wetu.

Kiganda ni lugha ya toni. Silabi ikipandishwa pasipostahili, neno hugeuka au hupotea. Sisi tuliozoea taarabu tumeona mwimbaji akiivuta silabi apendavyo, akaipandisha, akaizungusha, na neno likabaki lilelile, mradi vina na mizani vimetulia. Mtunzi wa Kiganda hana uhuru huo wote. Mstari wa mazungumzo tayari una njia yake ya kupanda na kushuka, na muziki unatakiwa kuifuata kwa kadiri kubwa. Faida yake jukwaani ni kubwa sana: mhusika anaweza kutoka kwenye maneno ya kawaida hadi kwenye wimbo bila mtazamaji kuhisi kwamba ameruka mtaro. Hasara yake hutokea siku ya kutafsiri. Ukiyahamishia maneno hayo kwenye lugha nyingine huku ukibakiza muziki wake, ule uzi uliounganisha sauti na maana unakatika, na kinachobaki ni kwaya nzuri inayoimba kitu kilicho karibu na hadithi.

Katika ufundi wa aina hii, wimbo si kachumbari ya pembeni ya sahani. Ndio unaofanya kazi ambayo mwandishi wa Ulaya angemwachia mhusika mmoja akiwa peke yake jukwaani. Kwaya inatoa taarifa, inapitisha siku na miezi, inafunika mabadiliko ya mandhari, tena inahukumu. Kiitikio kinachorudi mara ya tatu baada ya tukio baya hakisikiki kama kilivyosikika mara ya kwanza, ingawa hakuna neno lililobadilishwa. Na kwa kuwa hukumu imo kinywani mwa watu wengi, ni vigumu kumkamata mmoja ukasema yeye ndiye aliyesema.

Ni vigumu, lakini mwaka 1977 ilionekana kwamba inawezekana. Mchezo ulipotoka mara ya kwanza, watazamaji wengi waliusoma kama kisa cha mgogoro wa 1966, Milton Obote, aliyekuwa akiitawala Uganda, alipolivamia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Idi Amin alikuwa amemwondoa Obote mapema mwaka huohuo wa 1971, kwa hiyo usomaji huo haukumuudhi mtawala mpya. Miaka sita baadaye mchezo ulirudishwa jukwaani na kupelekwa Lagos, kuiwakilisha Uganda kwenye tamasha la sanaa na utamaduni wa Afrika, FESTAC, la Januari na Februari 1977. Kisa hakikubadilika, wala mhusika hakubadilika. Kilichobadilika ni nani alikuwa amekaa kwenye kiti nchini Uganda. Mtu aliyenyakua madaraka yasiyo yake sasa alikuwa na sura nyingine. Kawadwa, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, aliporudi nyumbani alichukuliwa kutoka kwenye ukumbi huohuo na kuuawa.

Ninalisema hili katika safu ya ufundi kwa sababu ni jambo la ufundi pia. Kurudisha mchezo ni kuuweka mbele ya watazamaji wapya wenye mambo mapya vichwani mwao, na mambo hayo yanaingia katika kila mstari. Mwongozaji anayedhani anarudisha kitu kilekile hajafanya hesabu yote. Kawadwa aliijua hesabu hiyo, naamini, na bado aliupeleka mchezo wake Lagos.

Robert Serumaga alijibu hatari hiyohiyo kwa njia iliyo kinyume. Alianza na maneno mengi: tamthilia zake za mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, The Elephants na Majangwa zikiwemo, ni za Kiingereza, za watu wanaozungumza mpaka wanajinasa wenyewe. Halafu akaanza kupunguza. Renga Moi, ya 1972, imejengwa juu ya kisa cha Waacholi cha shujaa aliyepata watoto mapacha. Mila inamkataza kumwaga damu mpaka tambiko la watoto likamilike, na wakati huohuo kijiji kinavamiwa. Akipigana anawapoteza wanawe. Asipopigana anakipoteza kijiji. Serumaga alichanganya lugha kadhaa za Uganda katika mchezo mmoja, na hapo akamnyima karibu kila mtazamaji uwezo wa kuelewa maneno yote. Kilichobaki kueleweka na wote kilikuwa mwili: hatua, pumzi, ngoma, kundi linalofunga na kufungua njia. Ndiyo sababu mchezo huo uliweza kuchezwa London mwaka 1975, kwenye ukumbi wa Aldwych, mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kiacholi.

Amayirikiti, ya 1974, ilikwenda mbali zaidi: karibu haina maneno kabisa. Mkaguzi wa serikali anayeomba kuusoma mchezo wa namna hii angepewa nini? Kifo kilichoonyeshwa kwa mgongo na magoti hakina mstari wa kupigiwa wino mwekundu. Lakini ulinzi huohuo ndio unaowatesa wanaotaka kuurudisha leo. Kikundi cha Serumaga, Abafumi, kilijengwa kwa waigizaji waliofunzwa pamoja kwa muda mrefu, miili yao ikazoeana. Serumaga alifariki Nairobi mwaka 1980. Mtu akitaka kuicheza Amayirikiti sasa hana budi kuitunga upya kutokana na maelezo ya waliouona mchezo. Anaweza kupata kitu kizuri sana, lakini kitakuwa chake, na ningependa bango liseme hivyo waziwazi.

Rose Mbowa alichukua njia ya katikati, na kwa maoni yangu ndiyo njia yenye akili zaidi kwa kikundi kinachotaka kazi yake iishi. Mother Uganda and Her Children, ya mwaka 1987, ina hadithi nyepesi kabisa: mama na watoto wake wanaogombana. Kila mtoto anakuja na wimbo, ngoma na lugha ya sehemu moja ya nchi. Mtu anaweza kuilaumu hadithi kwa unyonge wake, lakini ndio unaoufanya mchezo uwe rahisi kurudishwa. Ngoma zile haziko kwenye kichwa cha mwongozaji. Ziko vijijini, shuleni, kwenye vikundi vya utamaduni, na zinafunzwa kila mwaka bila kumsubiri mtu wa maigizo. Ukipoteza mchezaji mmoja unampata mwingine anayeijua ngoma ileile tangu utotoni. Katikati ya miaka ya 1990 Mbowa aliingia katika kazi ya kuazima: Mother Courage ya Bertolt Brecht ikageuzwa kuwa Maama Nalukalala kwa Kiganda, naye akacheza nafasi ya mama anayesukuma gari lake la biashara vitani. Brecht naye alikuwa amejenga tamthilia yake kwa nyimbo zinazokatiza hadithi ili mtu afikiri. Kampala haikuhitaji kufundishwa mbinu hiyo. Nchi iliyotoka vitani haikuhitaji pia kuelezwa kuhusu mama anayefanya biashara na vita huku vita vikiwala watoto wake.

Vikundi vya mwishoni mwa wiki, vilivyojaza kumbi kwa Kiganda katika miaka ya 1980 na 1990, vilikuwa na uhifadhi wa aina yao. The Ebonies na Bakayimbira Dramactors walikuwa na waigizaji wa kudumu, na nafasi ilifahamika kwa sura ya anayeicheza. Ndiwulira ya Bakayimbira, kuhusu UKIMWI, ilifika kwa watu wengi kwa sababu watazamaji walikuwa tayari wanawapenda waliokuwa jukwaani. Umpe mtu mgeni nafasi ileile na nusu ya mchezo imeondoka.

Alex Mukulu ndiye aliyetuachia karatasi. Thirty Years of Bananas, iliyochezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilichapishwa na Oxford University Press mjini Nairobi mwaka 1993. Mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu anaweza kuifungua na kuanza mazoezi. Historia ya uhuru wa Uganda inapita mbele yetu kupitia Kaleekeezi, mtu aliyetokea Rwanda, mtu wa nje aliyeishi ndani. Hata hivyo karatasi ina ugumu wake. Hesabu imo kwenye jina lenyewe la mchezo. Uganda ilitimiza miaka sitini ya uhuru mwaka 2022, na anayeurudisha mchezo lazima achague: aubakize kama picha ya 1992, au aongeze miaka mingine thelathini ambayo Mukulu hakuiandika. Mimi ningeubakiza. Mwaka 1992 mtazamaji aliyekuwa ukumbini alizikumbuka serikali zote zilizotajwa; leo kijana wa miaka ishirini anazisikia kama hadithi za babu. Hapo nyimbo zinabeba mzigo mzito zaidi kuliko zilivyobeba mwanzo, kwa sababu ndizo zinazomwambia ahisi nini juu ya jina asilolijua.

Michezo mipya ya miaka kumi na mitano iliyopita imezaliwa kwa utaratibu tofauti kabisa. Taasisi ya Sundance ilipoleta warsha yake ya maigizo kwenye kisiwa cha Manda, Lamu, mwaka 2010, watunzi wa Afrika Mashariki walipewa kitu ambacho vikundi vya Kampala havikuwahi kuwa nacho: muda wa kuandika, kusomewa, kufuta na kuandika tena kabla mtu hajauza tiketi. Mwaka 2014 Tamasha la Kimataifa la Maigizo la Kampala lilianza, Deborah Asiimwe akiliongoza upande wa sanaa, kwa ushirikiano wa Sundance na taasisi ya Bayimba. Hapo usomaji wa jukwaani, waigizaji wamesimama na karatasi mkononi, ukawa sehemu ya kawaida ya msimu.

Silent Voices ya Judith Adong, iliyochezwa Ukumbi wa Taifa mwaka 2012, ni tunda la uandishi wa namna hii. Imejengwa juu ya ushuhuda wa watu wa kaskazini waliopitiwa na vita vya waasi wa LRA, na inauliza nani aliwauliza wao kabla ya msamaha kutolewa. Uzito wake uko kwenye sentensi. Mwigizaji akiikosea sentensi, hakuna kwaya itakayomwokoa. Nguvu hiyo ya karatasi ina upande wake wa pili, na mwaka huohuo ulionekana. Baraza la Habari lilitaka mchezo wa The River and the Mountain, wenye mhusika mfanyabiashara anayewapenda wanaume wenzake, usionyeshwe mpaka maandishi yakaguliwe. Ulichezwa kwenye kumbi ndogo badala ya Ukumbi wa Taifa, na David Cecil, aliyeuandaa, akakamatwa Septemba. Mchezo unaosomeka unarudishwa kirahisi, na unazuiwa kirahisi.

Kwa hiyo ningewaomba wanaopanga misimu ijayo waanze na jambo la gharama ndogo. Wazee walioimba nyimbo za Serukenya jukwaani wakusanywe, wakae na mtu anayejua kuandika noti, waimbe sauti zote, ya juu, ya kati na besi, wakati bado wanazikumbuka. Maneno ya Wankoko yatapatikana. Sauti ya pili ya kiitikio, ile inayoingia nusu pigo baadaye, haijaandikwa kwenye kitabu cha tamthilia, na bila hiyo kwaya haiwezi kuhukumu mtu yeyote.