Korongo Asiyeruka: Nembo ya Timu ya Taifa na Lugha ya Mashabiki

Katika uhakiki tumezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Nembo ya timu huachwa kana kwamba ni pambo la fulana tu. Hoja ya makala haya ni kwamba nembo nayo ni matini, na kama matini yoyote huhitaji lugha ili iishi.

Tuanze mbali. Mwaka 1869, Cincinnati Red Stockings ya Marekani ilikuwa timu ya kwanza ya besiboli kutangaza wazi kuwa wachezaji wake wote wanalipwa. Kifuani walivaa herufi C ya mwandiko wa kale, lakini watu waliwaita kwa soksi zao nyekundu. Vazi lilizaa jina. Timu ya leo ya mji huo, Cincinnati Reds, ingawa ni klabu nyingine, imerithi rangi hiyo na herufi hiyo.

Dar es Salaam jina ndilo lililotangulia. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 ikiitwa Queens, ikapitia majina ya Eagles na Sunderland, ilijiita Simba mwaka 1971. Jina likaleta picha, na picha ikaleta usemi: Mnyama ananguruma, anawinda, amejeruhiwa. Nguvu ya nembo hiyo imo katika vitenzi zaidi ya mchoro.

Sasa tuitazame ya kwetu. Korongo taji alikuwa alama ya Uganda tangu enzi ya ukoloni, akaingia katika bendera ya taifa tarehe 9 Oktoba 1962, na timu ya taifa ya kandanda ikachukua jina lake. Katika bendera ameinua mguu mmoja, ishara ya nchi inayosonga mbele. Ni mchoro tajiri: ndege mwenye taji, hodari wa kucheza, tena yumo safarini. Lakini wasikilize mashabiki wa Bugoye, ambako Kiswahili hupanda kutoka Bwera na soko la Mpondwe: "Cranes wameshinda", "Cranes wamefungwa". Basi. Timu iliyofika fainali ya Afrika mwaka 1978, ikarejea katika mashindano hayo mwaka 2017, inasimuliwa kwa vitenzi viwili. Ndege haruki, hachezi, hainui mguu.

Yupo atakayesema kuwa jina rasmi halitafsiriwi, na kwamba korongo pia ni bonde lililochimbwa na maji. La kwanza tunalikubali. Hatuombi jina rasmi libadilishwe. La pili halina uzito. Muktadha hutenganisha ndege na bonde, kama unavyotenganisha paa la nyumba na paa wa porini.

Katiba yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Lugha rasmi isiyoweza kuishangilia timu ya taifa ingali mgeni sebuleni. Walimu wenzetu wa sekondari, wapeni wanafunzi zoezi hili: watangaze dakika tano za mechi bila kutamka "Cranes". Hapo tutaona kama korongo ataruka.