Dhahabu Dirishani

Kalenda na kadi za Krismasi zimeifikisha picha ya nyumba ndogo iliyofunikwa na theluji mbali na baridi iliyoizaa, hadi huku Garsen, kando ya Mto Tana, ambako mtu huzeeka bila kuigusa theluji. Hata hivyo anayeitazama hutulia. Moyo humwambia kuna anayemngoja humo ndani.

Kumtuliza mtu hivyo ni kazi ya mkono, tena ngumu. Theluji haipakwi weupe mtupu. Claude Monet alipochora La Pie, kati ya 1868 na 1869, alitandaza vivuli vya samawati juu ya theluji, na waamuzi wa maonyesho makubwa ya Paris wakaikataa picha. Leo inatunzwa Musée d'Orsay. Samawati ile ndiyo inayoleta baridi. Kisha mchoraji wa kadi huikusanya rangi ya dhahabu dirishani na kuimwaga kidogo chini, mbele ya mlango. Rangi ya baridi na rangi ya moto zikikaa jirani, kila moja huikoleza nyingine. Mmarekani Thomas Kinkade (1958–2012) alitajirika kwa madirisha hayo, na wahakiki wengi wakamdharau kwa utamu wake. Mimi namtetea: alijua jinsi mtu anavyokumbuka kwao.

Samawati hiyo twaijua Tana. Jua likishazama, giza halijaingia, tambarare na maji ya mto huchukua rangi ile ile. Nyumba za Waorma, zile za duara ambazo wanawake huzijenga kwa fito, nyasi na mikeka, huvujisha mwanga wa koroboi kwenye matundu. Kwa Wapokomo, chini ya miembe, mwanga hutokea mlangoni. Na hamu ya nyumbani tunayo. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na yale ya 2023 yaliwahamisha watu vijijini mwao, na nyumba ya nyasi ikichukuliwa na maji haiachi hata gofu la kuwaonyesha wajukuu.

Serikali ya kikoloni ilimpa mchoraji Joy Adamson kazi ya kuchora watu wa Kenya, naye akatia juhudi kwenye sura na mavazi. Nyumba wakati wa jioni bado zinangoja mchoraji wake.

Vijana wa Garsen mnaochora kuta za maduka, mkono mnao. Chukueni brashi, mkae na nyanya zenu wawaeleze mlango ulitazama wapi na taa ilining'inizwa wapi, mzichore nyumba hizo wangali hai wanaozikumbuka.