Mtutu wa Firefly Uliokerezwa: Tazama Mifereji Hiyo!

Nimeuelekeza dirishani, nikafumba jicho moja, nikachungulia kupitia mdomo wake, na mifereji imo! Mifereji kamili, imechongwa moja baada ya nyingine, inajipinda kuelekea kulia kama ilivyo kwenye mzinga wenyewe, ndani ya tundu lenye upana unaozidi milimita mbili kidogo tu. Kwa yeyote anayeunganisha vifaru vya kipimo cha 1/35 na aliyechoka kutazama mashimo laini yasiyo na uhai, huu ndio mtutu wa kuununua leo.

Seti ni ya Poland, nchi ambayo karakana zake, kama Aber na RB Model, zimeifanya mitutu ya chuma ya vifaru vidogo kuwa fani yenye heshima yake. Ndani ya kifuko hakuna makorokoro: mtutu wa alumini uliokerezwa, na breki ya mdomo iliyotengenezwa kwa shaba. Mzinga wenyewe ni ule wa Kiingereza wa ratili 17, na kifaru kinachoungoja ni Sherman Firefly.

Hesabu kwanza, maana hapa ndipo moyo wangu uliporuka. Mzinga wa ratili 17 una kipenyo cha milimita 76.2, na urefu wake ni vipenyo 55, yaani takriban mita 4.19. Gawanya kwa 35: kipenyo kinakuwa milimita 2.18, na urefu unakaribia sentimita 12, ingawa sehemu ya urefu huo hujificha ndani ya mnara. Nimeweka vernia mdomoni: sawasawa! Nimeisogeza taratibu kuelekea mnarani, na unene unaongezeka polepole, bila ngazi isiyohitajika, bila bonde, bila nundu. Mtutu wa kweli huwa mnene nyuma, ambako mgandamizo wa gesi ni mkubwa zaidi, na hupungua kuelekea mbele. Mkerezaji wa huu ameliheshimu jambo hilo toka mwanzo hadi mwisho.

Na hapo ndipo plastiki hushindwa, hata ile inayotoka kwa watengenezaji bora duniani. Plastiki humiminwa kwenye kalibu la chuma lenye pande mbili, na pande hizo zinapokutana huacha mshono. Mtutu ukija kwa nusu mbili, unazigundisha, unasubiri, unapiga msasa, unajaza, unapiga msasa tena, na kila mara msasa unapopita unaondoa kidogo ya ule uduara, mpaka mwishowe una mtutu wenye umbo la yai. Siku hizi makalibu mengine yana kipande cha pembeni kinachochomolewa, kwa hiyo mtutu hutoka mzima na mdomo ukiwa wazi. Ni hatua kubwa, naipongeza. Lakini kipande hicho huchomolewa kwa mstari ulionyooka, na kitu kilichojipinda hakichomoki hivyo bila kuharibu kilichomo. Ndiyo maana mifereji haipatikani humo. Kwenye mashine ya kukereza kipande cha alumini ndicho kinachozunguka na kisu kinakaa pembeni yake, kwa hiyo kila sehemu ya mtutu inakuwa duara kwenye mhimili uleule mmoja. Huhitaji kusahihisha chochote. Msasa weka kabatini!

Sasa breki ya mdomo. Jamani, breki! Kwenye Firefly ni kibonge cha mviringo chenye madirisha pembeni, na kazi yake ni kuitupa gesi kando ili kupunguza nguvu ya mzinga kurudi nyuma. Kwenye seti nyingi za plastiki madirisha hayo ni vijishimo visivyokwenda popote, na kingo zake ni nene mno. Hapa shaba imekatwa nyembamba hadi ukitazama kupitia dirisha la kushoto mwanga unakujia kutoka la kulia, na katikati unaona njia ya kombora ikiendelea moja kwa moja hadi kwenye mifereji. Breki inakaa kwenye mtutu kwa kubana vizuri hata kabla ya gundi. Nimeiingiza na kuitoa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu.

Lakini kwa nini nishangilie hivi kwa Firefly, na si kwa kifaru kingine? Kwa sababu hakuna kifaru ambacho mtutu wake ni hoja nzima kama hiki. Waingereza walichukua Sherman ya Marekani, iliyoundwa kwa mzinga wa milimita 75, wakasukuma ndani yake mzinga mkubwa zaidi ambao haukukusudiwa kuingia humo. Waliulaza kwa ubavu ili mpakiaji afanye kazi akiwa upande wa kushoto. Redio ikahamishiwa kwenye kisanduku cha chuma nyuma ya mnara. Ukiondoa mambo machache ya namna hiyo, kwa mbali Firefly ni Sherman kama Sherman nyingine, isipokuwa mtutu ule mrefu mno. Tarehe 8 Agosti 1944, karibu na Saint-Aignan-de-Cramesnil huko Normandy, mpiga mzinga Joe Ekins wa 1st Northamptonshire Yeomanry aliangamiza vifaru vitatu vya Kijerumani aina ya Tiger akiwa ndani ya Firefly. Wajerumani walikuwa na kila sababu ya kukitafuta kifaru chenye mtutu huo kabla ya vingine.

Basi wanajeshi wakaanza kuuficha kwa rangi. Nusu ya mbele ya mtutu, upande wa chini, ilipakwa nyeupe au rangi nyingine hafifu, mpaka wake ukiwa na mawimbi, ili kwa mbali jicho lione mtutu unaishia katikati kama wa Sherman ya kawaida. Rangi hiyo ndiyo mtihani mkali kuliko yote kwa mtutu wa plastiki: kama mshono uko chini, unapita katikati kabisa ya weupe, na weupe hausitiri dosari. Juu ya alumini hii rangi itateleza bila kukutana na kitu. Nasubiri kwa hamu kubwa kuipaka!

Kuuweka si kazi ngumu, ila usiwe na papara. Kata mtutu wa plastiki kwenye ngao ya mbele ya mnara, sawazisha uso, toboa tundu la kuongozea kwa keekee ya mkono, na hakikisha limenyooka kwa pande zote mbili, kwa sababu chuma hakipindi kufuata kosa la tundu. Gundi ya plastiki haitafanya kitu hapa; hiyo huyeyusha plastiki na basi. Tumia supagluu au gundi ya epoksi, epoksi ikiwa bora kwa sababu inakupa muda wa kusawazisha. Alumini ina uzito, kwa hiyo kama ngao ya seti yako hucheza juu na chini, kaza maungio yake la sivyo mtutu utainamia ardhini. Praima ni lazima, rangi haishiki vizuri kwenye chuma kitupu.

Ombi langu moja kwa kila atakayeununua: usiijaze njia ya kombora kwa rangi nzito. Pitisha kijivu cheusi chepesi sana, acha kikauke, kisha gusa migongo ya mifereji kwa unga wa penseli. Mng'ao wa chuma kilichotumika utatokea wenyewe, na mabonde yatabaki gizani. Nimelijaribu hilo kwenye kipande kidogo cha bomba na nimeridhika kabisa.

Je, kwa kipimo cha 1/72? Hapo kipenyo kinakuwa milimita moja na kidogo, mifereji haionekani tena kwa macho ya kawaida, na mimi nisingegharamia. Kwa 1/35 bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kifaru chenyewe, na hakuna kipande kingine kwenye Firefly kinachokubadilishia sura kwa kiasi hiki, si minyororo ya chuma, si vibati vyembamba vya pembeni. Seti ya zamani ya Tasca, ambayo baadaye ilitolewa kwa jina la Asuka, iliyokaa kabatini inastahili mtutu huu kama inavyoustahili seti mpya.

Wangu unaingia kwenye Firefly Vc, mnara ukiwa umegeuzwa nyuma na mtutu umelazwa kwenye kishikio chake cha safari juu ya injini. Hivyo mdomo unatokeza nyuma ya kifaru, wazi kabisa, na kila atakayekuja kukitazama ataweza kusogeza tochi na kuihesabu mifereji mwenyewe.