Uvumi si Uzushi: Msamiati wa Habari na Imani ya Wasomaji Tanzania, 2020–2021

Mjadala kuhusu kupungua kwa imani ya umma kwa vyombo vya habari nchini Tanzania umeendeshwa zaidi na wanasheria na wataalamu wa mawasiliano ya umma. Wao huangalia umiliki, leseni, matangazo ya biashara na vifungu vya sheria, na wana sababu ya kufanya hivyo. Hata hivyo, msomaji wa gazeti hakutani na leseni; hukutana na sentensi. Huiamini au huikataa kwa kuzingatia nani ametajwa, kitenzi gani kimetumika, na jambo gani limepewa jina au limenyimwa. Kipindi cha kuanzia Aprili 2020 hadi Machi 2021 kinafaa kuchunguzwa kwa mtazamo huo, kwa kuwa ndani yake vifo vilevile vilielezwa kwa misamiati miwili, mmoja wa habari na mwingine wa mtaani.

Mazingira ya kipindi hicho yanajulikana. Takwimu za kitaifa za korona ziliishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Juni 2020 ikatangazwa kuwa nchi haina tena ugonjwa huo, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za Julai mwaka huo zikakataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka. Kabla ya hapo, mwezi Aprili, leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ilikuwa imesimamishwa kwa miezi sita kwa sababu ya picha ya Rais. Kisichojadiliwa vya kutosha ni yaliyoipata lugha ndani ya nafasi finyu iliyobaki.

Mfano ulio wazi zaidi ni kirai “changamoto ya upumuaji”, kilichoenea mapema mwaka 2021 katika taarifa za misiba. Neno “changamoto” lilikwisha kupanuka maana kwa miaka mingi. Kutoka kwenye jambo linalomtaka mtu ajitahidi zaidi, lilikuja kubeba shida, upungufu, hitilafu, hata wizi wa mali ya umma. Ni neno la semina na ripoti za miradi, na kuliingiza katika tangazo la kifo ni kuipeleka lugha ya semina makaburini. “Upumuaji” nalo ni nomino ya muundo wa u-…-aji, muundo ambao kwa kawaida hutaja shughuli au namna ya kuitenda, kama ilivyo katika “uimbaji” na “utendaji”. Kila aliye hai ana upumuaji. Kiswahili kilikuwa na njia nyingine za kulisema jambo hilo: fulani alibanwa na kifua, fulani alishindwa kupumua. Katika kauli hizo mgonjwa yupo na anaonekana akihangaika, ilhali katika “changamoto ya upumuaji” mgonjwa ametoweka pamoja na ugonjwa wake.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni tasfida tu, na kwamba Waswahili hawajaacha kuhifadhi aibu ya maiti. Hoja hiyo haisimami. Tasfida ya kawaida, kama “kwenda haja” au “kujifungua”, humhifadhi msikilizaji au anayezungumziwa. Kirai hiki kilimhifadhi msemaji. Tena hakikuficha kitu kwa muda mrefu, kwani baada ya majuma machache wasomaji walikielewa kuwa ndilo jina la ugonjwa wenyewe, na pengine kwao lilisema mengi kuliko “korona”, maana lilitaja ugonjwa na katazo la kuutaja kwa pamoja.

Msiba wa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, unaonyesha namna usomaji wa aina hiyo ulivyofanya kazi. Chama chake, ACT-Wazalendo, kilikuwa kimetangaza waziwazi kuwa kiongozi huyo ana korona. Alipofariki tarehe 17 Februari 2021, tangazo rasmi halikutaja ugonjwa. Msomaji aliyekuwa na matangazo yote mawili alichukua jina kutoka la kwanza na kulijaza katika la pili. Huo ni usomaji wa mtu anayejua kufumbua fumbo, na si wa mjinga aliyepotoshwa. Mazoea hayo yakishajengeka, hata taarifa iliyo kamili husomwa kana kwamba ina pengo.

Hapa ndipo istilahi za kisheria na za kihariri zinapostahili kukosolewa. Mzungumzaji wa Kiswahili hutofautisha fununu, tetesi, uvumi na uzushi. Fununu ni dalili ya mwanzo, mtu huipata akaendelea kutega sikio. Tetesi zimekwisha kupita midomo kadhaa. Uvumi unatokana na -vuma, kitenzi cha upepo na ngoma: huvuma bila kuhitaji mtu wa kulaumiwa. Upo pia mnyambuliko -vumisha, lakini anayevumisha hueneza kilichopo, hakitungi. Uzushi unahusiana na -zusha, kauli ya kutendesha ya -zuka, na kauli hiyo inadai mtendaji. Hakuna uzushi pasipo mzushi. Kwa hiyo, anapoitwa mzushi mtu aliyeuliza tu iwapo anayoyasikia ni kweli, sarufi imebadilishwa mikononi mwake: kilichovuma chenyewe kimepewa mtungaji, na mtungaji huyo ni yeye.

Machi 2021 tofauti hizo zilifutwa zote. Rais John Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu mwishoni mwa Februari. Maswali yalipozidi, viongozi waliyaita uzushi, polisi wakakamata watu, na vyombo vingi vya habari vikalibeba neno hilo kama lilivyotolewa, bila alama za kunukuu. Tarehe 12 Machi, akiwa Njombe, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaambia waumini kuwa Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo. Tangazo hilo lilieleza kuwa marehemu alilazwa tarehe 6 katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaruhusiwa siku iliyofuata, kisha akapelekwa Hospitali ya Mzena tarehe 14.

Ni lazima kutenda haki katika kuzisoma kauli hizo mbili. Kwa mujibu wa tangazo la tarehe 17, mgonjwa hakuwa amelazwa tarehe 12, na kwa hiyo kauli ya Njombe haipingani nalo neno kwa neno. Aidha, baadhi ya yaliyovuma, hasa kwamba Rais alikuwa akitibiwa nje ya nchi, hayakuafikiana na tangazo hilo. Uvumi haukugeuka kuwa habari. Hata hivyo, msomaji aliyeipata tarehe 6 kwa mara ya kwanza tarehe 17 hakuhitaji kugundua uongo wowote ili aache kuamini. Alitambua kwamba gazeti lake lilikuwa limempa jibu bila kuuliza swali.

Wataalamu wa balagha ya Kiarabu, lilikotoka neno “habari”, huifasili khabari kuwa ni kauli inayoweza kuwa kweli au uongo. Ndiyo maana wanazuoni wa hadithi walidai mlolongo wa wapokezi, na mwanafunzi wa madrasa ya Lamu au Unguja anajua kuuliza: amepokea kwa nani? Vyumba vya habari vya leo vimekithirisha kauli ya kutendwa isiyo na mtenda: imeelezwa, inadaiwa, imebainika. Vikibanwa, husema “vyanzo vya kuaminika”, yaani humwomba msomaji atoe kwanza imani ambayo habari ilipaswa kuijenga.

Methali “lisemwalo lipo, kama halipo laja” hutajwa mara nyingi kuthibitisha kuwa umma unapenda umbea. Usomaji huo ni wa haraka. Sehemu ya pili ya methali inakiri kwamba lisemwalo huenda halipo. Inachofanya ni kumtaka msikilizaji asubiri, na kusubiri ndiko walikofanya wengi mwezi ule, redio zikiwa wazi hadi usiku.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani, na magazeti yakaanza kutumia jina jipya, Uviko-19, ufupisho wa “ugonjwa wa virusi vya korona”. Kwa upande wa uundaji wa istilahi ni neno zuri: fupi, linatamkika, na linataja ugonjwa bila kuzunguka. Lilichapishwa katika kurasa zilezile zilizokuwa zimechapisha “changamoto ya upumuaji” miezi mitano kabla, na kwa wasomaji walewale. Mwitikio wa chanjo ulianza kwa kusuasua, na kusuasua huko kukaelezwa kuwa kumesababishwa na uzushi.