Kidonda kwa Kidonda

Mpandikizaji hodari wa kakao, huku Mabalako, mashariki mwa Kongo, humaliza mche mmoja kwa dakika chache. Anakata shina, anachonga kikonyo alichokitoa kwenye mti unaozaa vizuri, anakichomeka, anafunga kwa utepe wa nailoni. Ukimtazama utadhani ameunganisha miti miwili. Bado. Ameweka kidonda juu ya kidonda, na ustadi wote uko katika kuviweka.

Chini ya gome kuna utando mwembamba wenye utelezi, kambiumu, ambamo seli hugawanyika na kunenepesha mti. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, hakiwekwi katikati. Husogezwa ukingoni, utando ukutane na utando japo upande mmoja. Kisu butu huponda seli, kwa hiyo hunolewa kama wembe, na hupanguswa kwa alikoli kabla ya mche unaofuata. Ebola ilitangazwa huku tarehe 1 Agosti 2018. Tangu hapo hakuna anayeuliza alikoli ni ya nini.

Yanayofuata yanatendeka gizani. Seli zilizokatwa hufa, za nyuma yake huzaana na kutoa nyama laini, ya juu na ya chini, mpaka zinabanana. Oksini, homoni inayoshuka kutoka kwenye machipukizi, hukwama penye mkato, na kulundikana kwake ndiko kunakoamsha ujenzi wa mishipa mipya. Lakini mishipa ya maji huchukua siku kadhaa kuungana, na siku hizo zote kikonyo kina kiu. Ndiyo maana fundi hukivua majani, akakifunika kwa mfuko wa plastiki na kukiweka kivulini. Mimi hapo ndipo ninapomstahi zaidi: anajua kazi yake imeishia wapi.

Mabwana shamba wa Tanzania huiita kazi hii kubebesha. Nalipenda sana neno hilo, maana utepe ule hukazwa kama kikwembe cha mama, na anayebebwa habadiliki kuwa mbebaji: tawi litazaa kwa ukoo wake, mizizi itabaki na wake.

Mgomba hauna kambiumu, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa haubebeshwi. Desemba 2021 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa hata huo huungana, vidonda vikikutanishwa ungali kiinitete ndani ya mbegu.

Wiki tatu hivi zikipita, fundi anafungua utepe taratibu, usije ukalikaba shina linaponenepa. Penye mshono pana kinundu. Juu yake, jicho moja limefumbuka.