'Bakteria Wapendajoto': Nasaba na Upatanisho katika Istilahi za Viumbe wa Bahari Kuu

Makala haya yanahakiki istilahi inayomjia upesi mfasiri anapokabili majina ya viumbe hadubini wanaoishi katika matundu ya maji moto kwenye sakafu ya bahari kuu: 'bakteria wapendajoto'. Tunadai kuwa nomino yake inakosea nasaba na kitenzi chake kinapunguza maana.

Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walionesha, kwa kulinganisha RNA ya ribosomu, kwamba baadhi ya viumbe waliohesabiwa kuwa bakteria ni kundi la peke yake. Wakaliita arkebakteria. Mwaka 1990 Woese, Otto Kandler na Mark Wheelis walikiondoa kijenzi 'bakteria', likabaki arkea, kwa kuwa kijenzi hicho kilidokeza udugu usiokuwapo. Kwa hiyo anayemwita Pyrolobus fumarii wa Atlantiki bakteria anarudisha kilichoondolewa kwa makusudi. Persephonella marina wa Pasifiki Mashariki, naye wa matundu hayo hayo ya moto, ni bakteria kweli.

Kuhusu kitenzi, itasemwa kuwa wakulima nao husema zao fulani hupenda kivuli. Ni sawa, lakini zao hilo likikosa kivuli huendelea kukua, japo kwa shida. Pyrolobus hukua hadi nyuzi 113 za Selsiasi, na chini ya 90 hakui kabisa. 'Wategemeajoto' ingefaa zaidi.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo wanaistilahi hulipita haraka, ni upatanisho. Mwaka 1983 arkea mmoja wa Pasifiki Mashariki aliitwa Methanococcus jannaschii, kwa heshima ya Holger Jannasch. Baadaye alihamishiwa jenasi ya Methanocaldococcus, ambamo caldo ni Kilatini cha 'moto'. Jannaschii halikuguswa, kwani ni nomino ya umilikishi. Marina, kwa kuwa ni kivumishi, hufuata jinsia ya jenasi. Ikihamia jenasi ya kiume itakuwa marinus. Katika Kiswahili, kivumishi na kihusishi -a unganifu vyote hupatana na nomino. Anayefasiri jannaschii analazimika kuchagua 'wa Jannasch' au 'ya Jannasch', yaani kuamua kati ya uhai na umbo, jambo ambalo Kilatini hakikuliuliza. Tunapendekeza majina ya jenasi na spishi yaachwe yalivyo, na uundaji wa istilahi uishie kwenye makundi ya juu: arkea wategemeajoto, bakteria wategemeajoto, kwa upatanisho wa A-WA.

Arkea lenyewe latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya 'kale'. Litoholewe tu, lisifasiriwe. 'Viumbe wa kale' itamfanya mwanafunzi aamini kuwa bakteria walitokea baadaye, na uainishaji wa 1990 hausemi hivyo.